Deni Litakuwa la Nani?



Tangu mwaka 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, umekuwa ukisajili biashara kwa njia ya mtandao. Ni jambo jema sana. Mtu wa Singida au Songea hana tena haja ya kupanda basi hadi Dar es Salaam kufuata cheti. Lakini urahisi huo umezaa desturi moja inayonitia wasiwasi. Mtu anakwenda steshenari ya mtaani na namba yake ya NIDA na namba yake ya mlipakodi. Kijana wa kompyuta anamuuliza: jina la biashara au kampuni? Naye anajibu kwa swali: ipi nafuu? Au: ipi inaheshimika? Kijana anajibu anavyojua, malipo yanapita kwa simu, na uamuzi mzito kuliko wote katika maisha ya biashara ile umekwisha kufanywa na mtu ambaye kazi yake ni kuchapa na kudurufu.

Ninasema ni uamuzi mzito kwa sababu ndani yake mna maswali matatu. Biashara ikidaiwa, anayedaiwa ni nani? Mwenyewe akifariki, inabaki kwa nani? Na mmoja wenu akitaka kuondoka, anaondoka na nini? Unapochagua kati ya jina la biashara, ubia, kampuni au ushirika unakuwa umeyajibu yote matatu, ujue usijue. Ningependa watu wayajibu wakiwa wanajua.

Tuchukue mfano, ili tusizungumze hewani. Tuseme wako watu watatu Singida wanaotaka kufungua kinu cha kukamua alizeti. Wa kwanza ni dada mwenye jengo kando ya barabara na akiba ya kununulia mashine. Wa pili ni mdogo wake, fundi, aliyefanya kazi kwenye vinu vya watu wengine na anaijua mashine hata kwa mlio wake. Wa tatu ni rafiki yao mwenye wateja wa mafuta Dodoma na Dar es Salaam. Hawajaandikiana kitu. Wamekaa barazani, wamekubaliana kwamba faida watagawana, na msimu wa mavuno umekaribia.

Ukiwauliza wana biashara ya aina gani, watakwambia bado, hatujasajili. Sheria haioni hivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, watu wakishafanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida, hao ni wabia. Hakuna anayesubiri cheti. Wale watatu watakuwa wameingia ubia siku watakapopokea gunia la kwanza la mbegu, na ubia huo una masharti yake ambayo sheria imewaandikia kwa kuwa wao hawakuandika. Sharti la kwanza: kama hamkukubaliana vinginevyo, faida na hasara mnagawana sawasawa. Dada aliyetoa jengo na mashine, na rafiki aliyetoa orodha ya wateja kwenye simu yake, mbele ya sheria wana fungu lililo sawa. Sharti la pili ni zito zaidi: kila mbia ni wakala wa wenzake. Rafiki akikubali oda ya mafuta huko Dodoma kwa jina la biashara, amemfunga dada aliyeko Singida, hata kama dada hakuisikia oda hiyo.

Sasa tazameni deni linavyoingia. Kinu cha alizeti huishi kwa mali kauli. Wakulima wanaleta mbegu wakati wa mavuno, mwenye kinu anazipokea kwa ahadi ya kulipa mafuta yakiuzwa. Mafuta ya mawese kutoka nje yakishuka bei sokoni, mafuta ya alizeti nayo yanakwama. Mashudu mtawauzia wafugaji, lakini mashudu peke yake hayalipi magunia yote yale. Wakulima wanadai. Katika ubia, mkulima anayedai ana haki ya kulifuata deni hadi kwenye mali binafsi ya kila mbia: shamba, gari, kiwanja, akiba ya benki. Wala hatagawa deni lake mafungu matatu kwa kumhurumia mtu. Atamfuata mwenye kitu, na katika mfano wetu mwenye kitu ni dada. Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma katika ubia wa barazani. Aliyetoa kingi zaidi ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi, na mara nyingi ndiye aliyeona aibu kudai karatasi, kwa kuwa mwenzake ni mdogo wake wa tumbo moja.

Wengi hudhani wakisajili jina la biashara wameondokana na hayo. Hapana. Jina la biashara husajiliwa chini ya Sura ya 213, na kazi yake ni kuujulisha umma ni nani aliye nyuma ya jina lililo kwenye kibao. Basi. Halizai mtu mpya wa kisheria. Kama ni la mtu mmoja, deni la duka ni deni lake yeye, na mali ya duka ni mali yake yeye. Sisemi ni sura mbaya. Kwa fundi cherehani, kwa mama mwenye mgahawa anayelipa taslimu kila asubuhi sokoni, kwa mtu yeyote ambaye hakopeshwi kitu kikubwa wala hawezi kumsababishia mtu hasara kubwa, jina la biashara linatosha kabisa, na kumpeleka kwenye kampuni ni kumtwisha gharama asizozihitaji. Ubaya ni kulichukua jina la biashara ukidhani umechukua ngao.

Ngao yenyewe iko kwenye kampuni, nayo ina historia inayofaa kusimuliwa.

Mwaka 1892, mashariki mwa London, alikuwako mtengenezaji wa mabuti aitwaye Aron Salomon. Biashara yake ilikuwa nzuri. Akaigeuza kuwa kampuni. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilitaka wanahisa saba, basi akajiandikisha yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Hisa zilikuwa 20,007. Mke na watoto walichukua moja moja. Salomon akachukua 20,001. Tena sehemu ya bei ya biashara aliyoiuzia kampuni hakulipwa taslimu, bali kampuni ilimwandikia hati ya deni ya pauni 10,000 yenye dhamana juu ya mali yake. Yaani alikuwa mwenye kampuni, na papo hapo akawa mdai wa kampuni mwenye dhamana. Haukupita muda mrefu biashara ikaanguka. Wadai wengine hawakupata kitu, wakamgeukia yeye: kampuni hii ni wewe, lipa. Mahakama mbili za chini zilikubaliana nao. Salomon akakata rufaa akiwa fukara asiyeweza kumudu gharama za kesi, na mwishoni mwa mwaka 1896 mabwana wa House of Lords wakatoa hukumu ambayo hadi leo inafundishwa katika kila kitivo cha sheria kuanzia Mlimani hadi Makerere. Wakasema kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu kamili mbele ya sheria, mbali na walioiunda. Deni la kampuni ni la kampuni.

Sheria za Uingereza zilipokewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kanuni ya Salomon ikaja pamoja nazo. Leo iko ndani ya mfupa wa Sheria yetu ya Kampuni ya mwaka 2002. Kama kinu chetu cha Singida kingekuwa kampuni yenye ukomo wa hisa, wakulima wangeidai kampuni. Ikishindwa, zingeuzwa mashine na mafuta ya kampuni. Wanahisa wangepoteza kile walichokiweka kwenye hisa zao, na kama kuna sehemu ya hisa hawajailipia, wangedaiwa hiyo. Shamba la dada lingebaki shamba la dada.

Hapa mtanisikiliza vizuri, maana watu hupenda nusu hii ya habari na kuikimbia nusu ya pili.

Zaidi ya miaka ishirini baada ya hukumu ya Salomon kulikuwa na bwana mmoja nchini Ireland, jina lake Macaura, mwenye shamba kubwa la miti. Aliuza mbao zake zote kwa kampuni, naye akalipwa kwa hisa. Hisa karibu zote zilikuwa zake. Mbao zile alikuwa amezikatia bima, lakini bima ilikuwa kwa jina lake mwenyewe. Moto ukateketeza mbao. Alipodai fidia, kampuni za bima zikakataa, na mwaka 1925 House of Lords wakasema zina haki ya kukataa. Mbao si zako, ni za kampuni. Wewe una hisa tu. Ukuta ule uliomkinga Salomon na wadai ndio huo huo uliomtenga Macaura na mali aliyoiona kuwa yake.

Kwa hiyo dada wa Singida akiiweka mashine ndani ya kampuni, ajue mashine si yake tena. Hawezi kuamka asubuhi akaihamishia kijijini kwa sababu amegombana na mdogo wake. Fedha ya mauzo si yake kulipia karo ya mtoto. Akiichukua, iandikwe ni mshahara, au gawio, au mkopo. Bima iwe ya kampuni, akaunti iwe ya kampuni, risiti itoke kwa jina la kampuni. Wako watu wengi wenye cheti cha kampuni ukutani na droo moja ya fedha, humo wanatoa nauli, michango ya harusi na mishahara ya vijana wa kinu. Mtu huyo analipa gharama zote za kampuni na hana uhakika wa kinga yake, kwa sababu siku ya shauri mdai atasema mbele ya hakimu: huyu na kampuni yake ni kitu kimoja, tazameni vitabu vyake. Na mahakama zetu, zikiona kampuni ilitumika kuficha udanganyifu, zinaweza kulifunua pazia na kumfikia aliye nyuma.

Ipo njia nyingine ambayo kinga huondoka, na hii mwenyewe ndiye huitoa kwa mkono wake. Benki. Ukienda kuikopea kampuni changa, afisa mikopo haangalii sana jina la kampuni. Atataka wakurugenzi watie saini ya kuidhamini kampuni wao binafsi, na pengine atataka hati ya nyumba. Saini hiyo ikishawekwa, kwa mkopo ule hakuna tena ukuta. Hapa sheria zetu zina jambo ambalo natamani kila nyumba ilijue. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inailinda isikamatwe kwa deni la kawaida la hukumu. Ulinzi huo haukusaidii kama wewe mwenyewe umeiweka rehani. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinadai ridhaa ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ndugu msikilizaji, ukiletewa karatasi ya ridhaa hiyo jioni, huku unaambiwa ni utaratibu tu, usitie saini usiku huo. Isome. Hiyo ndiyo karatasi inayoondoa kinga ambayo kampuni ilikusudiwa kuleta.

Sasa kifo. Watu hawapendi kukitaja wanapofungua biashara, wanaona ni uchuro. Mimi nakitaja kwa makusudi, kwa sababu nimewaona wajane wakisimama mbele ya milango ya biashara walizozijenga pamoja na waume zao, kufuli mpya imewekwa na shemeji, na hakuna karatasi hata moja inayosema nani ana nini.

Katika ubia ambao haukuandikiwa mkataba, kifo cha mbia mmoja kinauvunja ubia. Hesabu zinapaswa kufungwa, mali igawanywe. Jina la biashara la mtu mmoja nalo linamfuata mwenyewe. Msimamizi wa mirathi anakabidhiwa mali moja moja, mashine hii, friji ile, deni lile. Kampuni haifi. Kinachoingia kwenye mirathi ni hisa. Na hisa ina sifa moja ambayo mashine haina: inagawanyika bila kuharibika. Tuseme mwanahisa ni Mwislamu mwenye hisa 1,000 na ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Mke ana thumuni, yaani hisa 125. Zinabaki 875. Mtoto wa kiume mafungu mawili, kila binti fungu moja, jumla mafungu matano, kila fungu 175. Kijana anapata 350, kila binti 175. Hesabu imekwisha na kinu hakijazimwa hata kwa siku moja. Jaribuni kugawa thumuni ya mashine ya kukamua alizeti muone itakuwaje. Itauzwa, tena kwa bei ya kutupa, na wanaokula hasara ni wale wale waliokusudiwa kurithi.

Lakini hilo linafanya kazi kama majina yaliyoko kwenye hisa ni ya kweli. Sheria ya 2002 ilipotungwa ilitaka kampuni binafsi iwe na wanahisa wasiopungua wawili, na hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kujaza jina. Mwenye biashara yuko peke yake, anahitaji wa pili, anamwita binamu: nipe namba yako ya NIDA, nitakuwekea hisa chache, ni jina tu. Hapana, si jina tu. Hisa zikiandikwa kwa jina la binamu ni za binamu. Ana haki ya kuitwa mkutanoni, ana haki ya gawio, na akifa zinakwenda kwa warithi wake, watu ambao huenda huwajui. Ukimwandika kuwa mkurugenzi pia, yeye anabeba wajibu wa ukurugenzi kwa biashara asiyoijua hata ilipo. Tangu mwaka 2020 sheria inadai pia kampuni imtaje mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayenufaika na kuiendesha, kwa hiyo kujificha nyuma ya jina la mwingine nako kumekuwa na adhabu zake. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Kampuni ya mwaka 2015, waliruhusu kampuni binafsi kuundwa na mtu mmoja, na wakaondoa sababu ya binamu huyu. Naona walifanya vyema.

La kuondoka ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sheria imelisema kidogo na wenyewe hawalisemi kabisa. Tuseme kinu kimekuwa kampuni, na mdogo mtu ameoa, anataka kuhamia Mwanza. Ana asilimia thelathini ya hisa. Je, anaweza kuziuza kwa yeyote? Kampuni binafsi huwa na katiba inayozuia hisa kuhamishwa ovyo, lakini katiba nyingi zinazotoka steshenari ni nakala ya katiba ya kampuni nyingine, pengine ya wakandarasi wa Mbeya, zimebadilishwa jina tu. Hazisemi hisa zitathaminiwa vipi, na nani, wala zitalipwa kwa mafungu au kwa mkupuo. Kwa hiyo kijana amenaswa: anamiliki kitu asichoweza kukiuza, na dada naye ana mwanahisa ambaye hafanyi kazi tena lakini anadai gawio. Na wale wanaogawana nusu kwa nusu kwa ajili ya upendo, upendo ukipungua hakuna anayeweza kupitisha uamuzi wowote. Wanaishia Mahakama Kuu, na wakati shauri linasubiri, mashine inashika kutu.

Wazee wetu wa pwani walilijua tatizo hili, na walikuwa na jawabu lao. Katika biashara ya Bahari ya Hindi kulikuwa na mkataba wa mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi na safari. Faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mali amepoteza mali na mwenye kazi amepoteza kazi yake, hakuna anayemdai mwenzake zaidi. Na mambo yanapofika mwisho, hesabu inafungwa. Benki za Kiislamu bado zinautumia. Sisemi mkausajili kinu kwa mudharaba. Nasema hivi: watu wale, kabla hawajatweka tanga, walikwisha kusema hasara ni ya nani na safari itakwisha vipi. Sisi tunao wanasheria, mtandao na mihuri, na hatusemi.

Nisiupite ushirika bila neno. Huko Kilimanjaro wakulima wa kahawa walianza kujiunga mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na KNCU, muungano uliosomesha watoto wengi wa mkoa ule. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikaja kuvirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na jeraha lile bado wazee wanalikumbuka. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na magunia matano au mia. Kama wanaotaka kinu ni wakulima wenyewe, arobaini au hamsini, wanaotaka mbegu zao zikamuliwe kwa bei ya haki, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao, ndiyo sura yao, na nitashangaa wakiniambia wanataka kampuni. Kwa dada yetu na wenzake wawili haifai.

Kodi nitaigusa kwa haraka, kwa sababu naona watu huianzia hapo ilhali ndipo ingepaswa kumalizikia. Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi hulipa kodi ya makadirio kwa mauzo, na mwaka 2019 ukomo wa utaratibu huo ulipandishwa kutoka mauzo ya shilingi milioni 20 kwa mwaka hadi milioni 100. Kampuni haina mlango huo. Inalipa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake ziandaliwe na mhasibu aliyesajiliwa hata kama mauzo ni madogo. Faida ikigawanywa kwa wanahisa wa kampuni ya kawaida, inakatwa tena asilimia 10 ya zuio. Juu ya hapo kuna taarifa ya mwaka ya BRELA, ambayo usipoipeleka faini inahesabiwa mwezi hadi mwezi. Wengi hugundua deni hilo siku wanapotaka kuomba zabuni. Mwenye kinu kidogo afanye hesabu hiyo kabla. Wasikilizaji wetu wa Zanzibar wakumbuke kwamba kwao BRELA si mlango wao. Wana sheria yao ya kampuni na wakala wao, BPRA.

Basi, kama wale watatu wa Singida wangekuja kwangu jioni hii, ningewaambia hivi. Biashara yenu inaishi kwa mali kauli, inapokea mazao ya watu wengi, na inauza chakula. Hatari ni kubwa kuliko mtaji wenu. Fungueni kampuni, na gharama ya mhasibu muihesabu kama mnavyohesabu umeme. Kama msimu huu hamna uwezo huo, anzeni kwa ubia, lakini uandikwe, kurasa mbili zinatosha: nani ametoa nini, nani anaruhusiwa kusaini deni na hadi kiasi gani, faida mafungu mangapi, mmoja akifa au akihama hesabu itafungwa vipi. Wakili wa Singida mjini atawaandalia kwa fedha ndogo kuliko bei ya magunia machache.

Mkifika kwenye kampuni, msigawane hisa zote siku ya kwanza. Fundi na rafiki hawana fedha, wana kazi ya miaka ijayo. Wapeni hisa kidogo kidogo kila msimu wanapoendelea kuwa kazini, ili atakayeondoka mapema aondoke na kile alichokifanyia kazi. Andikeni kwamba anayetaka kuuza awape kwanza wenzake nafasi ya kununua, na bei ipangwe na mhasibu wa nje.

Na wewe dada, jengo lako usiliingize kwenye kampuni. Mashine iwe ya kampuni, mapipa na mizani yawe ya kampuni. Jengo libaki kwa jina lako, nawe uipangishe kampuni kwa mkataba wa maandishi, kodi ya pango ikilipwa benki kila mwezi kama ambavyo mpangaji mwingine yeyote angelipa, hata kama mpangaji huyo unammiliki wewe kwa asilimia sitini.